Toa Tatu

Nimerudisha funguo za kabati, nimerudisha ovaroli mbili, na kuna mmoja wenu anayenikumbusha kila tukikutana kwamba bado ninayo kalamu ya kuchorea chuma. Ni kweli ninayo, na sitairudisha. Badala yake nimekubali kuwaandikia kurasa hizi kuhusu miaka yangu karakanani. Msitafute humo siku niliyopandishwa cheo, maana siikumbuki vizuri. Mengi nitakayosimulia yanahusu injini moja ndogo ya mtumbwi na kosa nililolifanya juu yake, kwa sababu lingine lolote mnaweza kulisoma kwenye kitabu cha mashine.

Nilifika karakana nikiwa na miaka ishirini na miwili, binti wa mvuvi wa Isangi, na cheti cha shule ya ufundi ndani ya bahasha ya plastiki. Karakana ilikuwa pale pale mnapoijua, juu ya bandari, ila paa lilikuwa zima. Mkubwa wa wakati ule alinitazama, akatazama cheti, akanitazama tena, kisha akasema ofisini kuna mashine ya kuandikia. Nikamwambia nimesomea mashine ya kukereza vyuma. Akanipeleka kwa Papa Ramazani ili Papa Ramazani anikatae.

Papa Ramazani alikuwa mkereza vyuma mkuu, mtoto wa familia ya Kiislamu ya mjini, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo chini yake alichomeka penseli. Hakuniuliza cheti. Aliniambia:

"Leta unywele yako moja."

Nikaung'oa mmoja. Akaubana katikati ya palmeri ndogo. Kwa wasomaji wa mbali, palmeri ndiyo mikromita. Sisi tuliipokea kwa Kifaransa na jina lake. Akanionyesha mistari.

"Ona. Iko saba. Milimita moja ukiikata vipande mia, unywele yako inakamata saba. Njo tunaita santiemu. Bon. Injini inaweza kufa juu ya nusu ya hii unywele. Unaelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Lakini alinipa koti lake la kazi lililokuwa likining'inia, nikabaki miaka thelathini na nne.

Miezi sita ya kwanza sikugusa mashine. Nilipima. Nilipima misumari, vipuli, vipini vya vijiko, kila kitu kilichokuwa na unene. Ukisema "karibu quarante", karibu arobaini, Papa Ramazani alikurudisha mwanzo: "Karibu iko ya mulangoni. Hapa tunasema namba." Alinifundisha kuikaza palmeri kwa kifundo chake cha nyuma kinachokwaruza kikizungushwa, mikwaruzo mitatu na basi, maana anayeikaza kwa nguvu ya mkono anapima nguvu yake mwenyewe. Alinifundisha pia kwamba asubuhi ya Kisangani na saa nane mchana ya Kisangani ni nchi mbili kwa chuma. Silinda na pistoni zililazwa jioni juu ya meza moja ya jiwe, zikalala pamoja, zikapimwa saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijagusa paa. Pistoni ni ya alumini, inavimba upesi kuliko silinda ya chuma. Hata ukiishika kiganjani muda mrefu unaipasha joto nayo inakudanganya. Ndiyo maana nilikuwa nikifoka mnapoweka vikombe vya chai juu ya meza ile. Mlidhani ni uzee.

Mkishika jambo moja la ufundi kutoka kwangu, shikeni hili. Hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza kitu kwa kipimo kamili. Kila kiwanda kimejipa ruhusa ya kukosea kidogo, juu au chini, na ruhusa hiyo imeandikwa. Ukinunua sokoni pistoni mbili zenye namba moja kichwani, moja itakuwa na trente-neuf, santiemu thelathini na tisa, na nyingine quarante-quatre, arobaini na nne, na zote ni halali. Tena hizo ni za kiwanda chenye aibu. Kazi yetu ilikuwa kujua kila moja imekosea kiasi gani, halafu kuichongea silinda yake yenyewe, ili kati yao ibaki nafasi tunayoitaka sisi. Kwa injini ya mvuvi anayekwenda polepole, nafasi ya santiemu tano inatosha. Kwa injini itakayokimbizwa mpaka mwisho bila kupumzika, tuliacha saba. Unywele mmoja wangu.

Sasa niwaeleze palmeri kubwa, ile ya kupimia pistoni.

Wakati wa vita, siku mabomu yalipoanguka mjini, watu walikimbia na walichoweza. Papa Ramazani aliacha baiskeli, akaacha chakula chake mezani, akakimbia na palmeri kubwa ndani ya shati. Aliteleza akaanguka nayo kwenye mtaro. Mbavu zilipona. Palmeri ilipinda kidogo sana, jicho halioni. Aliporudi karakanani alikuta sanduku la zana limeporwa, na ndani yake kile kifunguo kidogo chenye ndoano cha kurekebishia sifuri. Iliyobaki ni fimbo ya kipimo, ile ya chuma ya milimita hamsini kamili. Tuliibana fimbo ndani ya palmeri: ikasoma hamsini na santiemu tatu. Tukapima tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Daima tatu. Ilikuwa ikidanganya, ila ilidanganya kwa uaminifu.

Basi ikawa desturi ya karakana. Yeyote aliyepima pistoni alisoma namba, na mwenzake aliyeshika daftari alisema, "Toa tatu." Daftarini tuliandika namba iliyokwisha kutolewa. Silinda tulizipima kwa chombo kingine, chenye mshale na uso kama wa saa, na pete yake, ambacho hakikupinda, kwa hiyo uongo wa kimoja haukufutwa na kingine. Ilikuwa lazima utolewe kichwani. Tuliutoa. Wageni waliofika kutoka Kinshasa walitucheka, nasi tuliwapa pistoni wapime, wakasahau kutoa, tukawacheka sisi. Tulijivunia. Miaka ilipita, na fimbo ya kipimo ikawa ya kukandamizia karatasi zangu zisipeperushwe na feni.

Macho ya Papa Ramazani yalianza kufifia polepole. Mwanzo alisogeza palmeri dirishani. Kisha akaanza kusema, "Fina, soma, mimi naandika," halafu siku moja akasema, "Fina, soma na andika." Hatukulizungumzia. Mwaka mzima nilikuwa macho yake. Nilipima, nikaandika, yeye akaweka sahihi chini ya karatasi, kwa sababu mkubwa mpya, Chef Litale, hakukubali injini itoke bila sahihi ya mkereza mkuu. Mkono wake ulikuwa bado ule ule. Alikuwa akiingiza kidole gumba ndani ya silinda, akakizungusha, na kusema, "Hapa chini imekunywa," yaani imelika, na saa ya chombo ikathibitisha santiemu moja. Lakini mistari ya palmeri hakuiona tena, na Chef Litale alikuwa tayari akiuliza mbele za watu kama mzee hajachoka.

Mwaka huo yakatangazwa mashindano ya mitumbwi ya injini, kutoka bandari ya Kisangani mpaka Yanonge, daraja la nguvu za farasi kumi na tano. Kampuni yenye karakana yetu iliamua kuingia. Injini ilikuwa yetu, ya pistoni mbili, tuliyoifufua kutoka vyuma chakavu. Dereva alikuwa Baelo, mtu wa Yanonge, aliyejua kila fungu la mchanga kwenye ule mto na aliyependa kulisema jambo hilo. Tulishusha kichwa cha silinda ili injini ikaze pumzi zaidi, tukazing'arisha njia za hewa, tukazipima pistoni mbili kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu ili zisipishane uzito. Papa Ramazani alinikalisha pembeni akasema, "Fina, hii injini njo karatasi yangu ya mwisho. Ikimaliza mbio, hakuna mutu atasema nilitoka kama kipofu." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Niliitaka injini ile imalize kuliko nilivyowahi kutaka kitu kazini.

Siku tatu kabla ya kupima pistoni, alifiwa na mdogo wake upande wa Masako, akaondoka saa ile ile. Chef Litale hakutaka kungoja. Nikalaza vyuma juu ya jiwe, asubuhi nikapima peke yangu. Nilisoma quarante-quatre. Nikajiambia kwa sauti, kwa mazoea, "Toa tatu." Nikaandika quarante et un, arobaini na moja. Silinda nikaichonga na kuisugua kwa mawe mpaka ikafika mahali ambapo, kwa hesabu yangu, nafasi ni saba. Pistoni ya pili vivyo hivyo. Papa Ramazani aliporudi kutoka msibani, macho mekundu, nilimpa karatasi, akaweka sahihi.

Jaribio lilifanyika Jumamosi mchana, watu wamejaa ukingoni. Baelo alizunguka mara mbili polepole, kama tulivyomwagiza, kisha akafungua gesi yote. Sauti ilikuwa nzuri mno, nakiri niliruka. Dakika ya nne ikakatika ghafla, bila hata kikohozi. Injini ilikuwa imejifunga. Mtumbwi uligeuka ubavu kwa nguvu, Baelo akarushwa, bega likagonga ubao, na mkondo ukauchukua mtumbwi moja kwa moja kwenye baleinière, boti kubwa la mbao lililofungwa gatini. Wavuvi walimvuta Baelo kutoka majini. Alikuwa mzima, na bega limevimba kama kwanga, ule mkate wa muhogo.

Tuliifungua injini jioni ile ile, Chef Litale amesimama juu yetu. Pistoni zote mbili zilikuwa zimekwaruzika pande mbili, alumini imepakwa ukutani mwa silinda. Hata mwanafunzi angejua: nafasi haikutosha. Chef Litale akachukua karatasi, akaweka kidole kwenye sahihi.

"Papa Ramazani. Ni wewe ulipima?"

Nilifungua mdomo. Papa Ramazani alikuwa amepitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo, na uso wake ulibadilika, nikauona. Akanitangulia.

"Ni miye. Nilisoma mubaya. Macho iko ya zamani, chef."

"Bon. Basi mwisho wa mwezi unapumzika, papa. Injini tunatoa ku mashindano."

Yeye hakuwa amepima. Alikuwa kwenye kaburi la mdogo wake. Nilisimama pale nikanyamaza, na aibu ya ule ukimya bado ninayo.

Jumatatu nilifika kabla ya mlinzi kufungua lango. Sikutaka kujitetea, nilitaka kujua. Nilipima kila kitu upya, na kila kitu kilikuwa kama nilivyoandika. Nikapekua daftari. Karatasi zikapeperuka, nikazikandamiza kwa fimbo ya kipimo, na mkono wangu ukabaki juu yake. Nikaifuta mafuta. Nikaibana ndani ya palmeri kubwa, mikwaruzo mitatu.

Hamsini kamili.

Nikaifungua, nikaibana tena. Hamsini. Uongo wa miaka yote haukuwepo. Nilipoigeuza palmeri kwenye mwanga, niliona pembeni mwa tundu dogo la kurekebishia mkwaruzo mpya, unaong'aa. Mtu alikuwa ameirudisha kwenye sifuri. Namba niliyoisoma ilikuwa kweli tupu, nami nikatoa tatu. Pistoni zilikuwa nene kuliko nilivyoandika, na nafasi haikuwa saba, ilikuwa nne. Nusu ya unywele, na kidogo.

Nilikwenda Kabondo kwa miguu, kwa sababu nikiwa na hasira sipandi pikipiki ya mtu. Papa Ramazani alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mkewe anachambua pondu, majani ya muhogo. Nikamwekea palmeri magotini.

"Papa, nani aligusa hii?"

Alimwomba mkewe aingie ndani. Kisha akatoa mfukoni kipande cha spoku ya baiskeli, ncha imepindwa na kuchongwa kwa tupa mpaka ikawa ndoano ndogo safi. Alikuwa amejitengenezea kifunguo.

"Nilifanya usiku tatu kuichonga. Kwa vidole tu, macho hapana. Nilisema, naenda kutoka hivi karibuni, palmeri inabakia ya Fina. Siwezi kumuachia mutoto wangu chombo yenye inadanganya. Nilirekebisha ku karakana na fimbo yako, ile siku ya Ijumaa wewe ulikuwa umetoka, mutoto wa jirani alinisomea mistari. Nilikuwa nangoja kesho nikuambie. Ile saa banakuja kuniambia, mudogo yako alikufa."

"Na juzi ulijua?"

"Juzi nilishika pistoni, nilijua."

"Alors juu ya nini ulisema ni macho?"

"Juu macho inaisha kweli. Hiyo haiko uongo. Wewe uko na miaka mingi mbele. Acha inibebe mimi, Fina. Nyamaza tu."

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ilikuwa rahisi. Nikisema, ilibidi niseme yote: kwamba nilipima mimi, na kwamba mwaka mzima mkereza mkuu alikuwa akitia sahihi namba asizoziona. Ningemtoa lawama moja nikamvika nyingine. Lakini zawadi aliyonichongea kwa vidole ndiyo iliyoua injini, na iliua kwa sababu mimi, mwenye fimbo ya kipimo mezani, niliifanya jiwe la karatasi. Yeye alisahau kusema kwa sababu ya msiba. Mimi nilisahau kwa sababu ya mazoea. Nikasimama.

"Nitasema, papa. Na injini itamaliza, na wewe utakuwa bado karakanani."

"Fina, uko kichwa nguvu."

"Ulinifundisha wewe."

Chef Litale alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi zake zilikuwa zimemdanganya.

"Donc mwaka muzima munanisainia namba yenye huyu mutu hakuona?"

"Ndiyo, chef. Na namba zote zilikuwa sawa, ila mbili. Hizo mbili ni zangu."

"Na unataka nini?"

"Siku kumi na nane zimebaki. Utuachie injini. Mimi nasoma, yeye anagusa, na karatasi inakuwa na sahihi mbili."

Alipiga kalamu mezani kwa muda mrefu. "Ikisimama tena, munatoka bote wawili. Na sitaki kusikia habari ya palmeri." Nikasema tumekubaliana. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani.

Ilibidi tupate pistoni za kipimo kinachofuata, kwa sababu silinda zilizokwaruzwa lazima zipanuliwe. Nilikwenda soko kuu na palmeri shingoni, nikapima kila pistoni kwenye kibanda kimoja baada ya kingine, na kila mara kabla ya kupima nilibana fimbo. Muuzaji mmoja alichoka.

"Mama, unanunua piston ao unaibatiza?"

Kwenye kibanda cha saba nilipata mbili zilizopishana santiemu moja tu, kutoka maboksi mawili tofauti. Zile zilizouzwa kama jozi, ndani ya boksi moja, zilikuwa zimepishana nne. Nimewaambia kuhusu ruhusa ya kukosea.

Tulizilaza juu ya jiwe. Asubuhi nilisoma, Papa Ramazani akasikiliza. "Sifuri?" akauliza. "Sifuri, papa." "Onyesha fimbo." Nikampa fimbo na palmeri mkononi, akazibana mwenyewe, akahesabu mikwaruzo mitatu, akanirudishia nisome. Kila mara. Hakuna aliyesema "toa tatu". Ulimi ulitaka, nikauuma. Silinda ya pili nilipodhani imekwisha, saa ya chombo ikiniridhisha juu na katikati, aliingiza kidole gumba akazungusha. "Hapa chini, upande ya mulango ya moshi. Inabana." Nikashusha chombo mpaka pale ambapo kwa kawaida hatukupima. Santiemu moja na nusu. Mahali hapo ndipo panapopata moto kuliko pote, na mimi ningepaacha. Tulisugua kwa mkono, mizunguko michache, tunapima, tunasugua. Ncha za pete za pistoni alizipunguza mwenyewe kwa tupa, kwa kuisikiliza tupa.

Ikabaki Baelo. Alikuja na bega limefungwa kitambaa, akaitazama injini bila upendo.

"Ma Fina, miye sina shida. Lakini hii kitu, utaipanda na mimi?"

"Nitaipanda."

"Mpaka gesi yote?"

"Mpaka gesi yote, Baelo, na dakika ya nne nitakuwa nimekaa juu yake."

Nikapanda. Saa ya kwanza tulikwenda polepole, tukipandisha na kushusha ili vyuma vizoeane. Kisha akafungua. Nilihesabu dakika kwenye simu. Ya tatu. Ya nne, Baelo alinitazama, nikatazama mbele. Ya tano. Ya kumi na tano aliimba. Mimi sikuimba, nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono miwili, na sauti ile ilikuwa ikinipita tumboni, sawasawa, haina hata mkwaruzo. Tulipofika gatini Papa Ramazani alikuwa amesimama majini mpaka magotini, na viatu.

Siku ya mashindano nilitangulia Yanonge kwa mtumbwi wa abiria. Ndugu zetu wa mto walikuwa wamejipanga ukingoni na samaki wa kuchoma na ngoma mbili. Mitumbwi tisa ilitoka Kisangani. Mingine iliunguza injini njiani, mingine iliishiwa mafuta. Wa kwanza kujitokeza kwenye kona haukuwa wetu. Wa pili ulikuwa wetu, gesi yote, sauti ile ile niliyoizoea. Baelo alikuwa ameingia kwenye kisiwa cha kongo ya sika, yale magugu yanayoelea, akapoteza muda kuyang'oa kwenye pangaboi. Kila fungu la mchanga alilijua, magugu hakuyatarajia. Alitukana kwa Lingala mpaka mapadri wakageuka. Mimi nilikuwa nikilia na kucheka pamoja. Injini haikusimama. Nikampigia simu Papa Ramazani, aliyebaki bandarini Kisangani.

"Papa, tumekuwa wa pili!"

"Sikuuliza hiyo. Alizima injini yeye mwenyewe, ao ilizimika?"

"Alizima mwenyewe."

"Bon," akasema, wala hakuikata simu. Nilimsikia akivuta pua.

Tuliifungua Jumatatu asubuhi, meza ya jiwe imefutwa, Chef Litale na karakana nzima wamezunguka. Pistoni zilitoka na rangi ya kahawia safi, bila mkwaruzo mmoja. Papa Ramazani hakuomba miwani wala taa. Aliingiza kidole gumba kwenye silinda ya kwanza, akazungusha mpaka chini, kisha ya pili, akachelewa pale upande wa mlango wa moshi.

"Iko sawa," akasema.

Chef Litale akakohoa, akasema kama mzee anataka anaweza kubaki, afundishe, bila karatasi. Papa Ramazani alifuta kidole kwenye kitambaa, akachukua kofia yake.

"Merci, chef. Miye nilitaka kutoka siku kazi iko sawa. Leo iko sawa."

Akatoka saa tatu asubuhi, kupitia lango kubwa, bila kushikwa mkono. Ngazi zile alizijua zote. Aliishi miaka sita baada ya hapo, na kila nilipomtembelea Kabondo aliuliza kwanza habari za sifuri, kisha za watoto.

Palmeri kubwa iko kwenye droo ya juu, upande wa dirisha. Ndani ya boksi lake nimeacha kile kipande cha spoku. Msikitupe mkidhani ni takataka, na msikitumie bila kuwaambia wote. Fimbo ya kipimo iko kando yake. Kwa karatasi zenu nimewaletea jiwe kutoka mtoni, zuri tu, halina kazi nyingine. Siku yangu ya mwisho, asubuhi kabla ya hotuba na soda, niliibana fimbo mara tatu, na mara tatu ilisoma hamsini kamili. Lakini hayo nayasema mimi, na mimi nimeshaondoka. Baneni fimbo mjionee.